Kuziba bodi ya pikapu iliyoliwa na kutu bila kuchomelea

Maswali ya kutu ni yale yale kila mwaka. Puti (ile ya kujazia mabonde) peke yake inatosha? Nikipiga faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachopakwa rezini) itadumu? Lazima nichomelee? Nayajibu hapa kwa mfano wa Hilux za miaka ya 80 na 90, kwa sababu ndizo ambazo bado zinabeba samaki, mkaa na saruji huku Pwani, na ndizo zinazooza. Kama yako ni Datsun, Isuzu au Peugeot 504, hatua hazibadiliki.

Sina ugomvi na mafundi wa kuchomelea. Shida iko kwenye bati. Bodi ya pikapu ilitoka kiwandani ikiwa na unene wa kama milimita 0.8, na kutu ikishakula, kandokando ya tundu hubaki kitu chembamba kama karatasi. Fundi akigusa hapo kwa elektrodi ile ile anayochomelea mageti, bati linayeyuka na tundu linakua. Hata akifanikiwa, moto umeshaunguza rangi ya upande wa ndani, mahali ambapo mkono haufiki, na kutu itarudi kuanzia hapo. Kiraka cha gundi na ribiti (pini za chuma za kubania mabati) hakiunguzi chochote, na unaweza kukipiga nyumbani chini ya mwembe.

Kwanza, pasipoguswa kwa njia hii

Njia hii ni ya ngozi ya gari: madigadi, sehemu ya chini ya milango, kona za kebini nyuma ya milango, kuta za bodi ya nyuma, mlango wa nyuma, na sakafu palipotoboka tundu dogo katikati.

Usiitumie kwenye chesisi, vishikio vya springi, mahali kebini inapokaa juu ya chesisi, bawaba za milango, wala pale mkanda wa usalama unapofungwa. Hapo panabeba uzito au uhai wa mtu, na panataka chuma kipya kilichochomelewa na fundi anayejua kazi yake. Kizingiti cha mlango kiko katikati: tundu dogo la nje lizibe, lakini kama ukikibonyeza kwa mguu kinalia na kushuka, peleka gari kwa fundi.

Kujua hali halisi, chukua bisibisi. Gonga bati kwa mpini wake ukitembea kutoka palipo pazima kuelekea penye kutu: bati zima linalia, bovu linatoa sauti iliyokufa. Kisha geuza ncha na usukume. Ikizama, hapo si bati tena, ni rangi tu inayojishikilia. Pitisha na sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiponasa, kuna puti ya mwenye gari wa kabla yako, na chini yake mara nyingi kuna habari mbaya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Grenda ndogo yenye brashi ya waya na diski ya msasa. Ukikosa grenda, brashi ya mkono na msasa namba 40 vinafanya kazi, ila mkono utauma.
- Drili na vipekecho vya milimita 4.1, viwili au vitatu maana vinakatika.
- Mkasi wa bati, nyundo ndogo, koleo la ribiti, na klampu kadhaa.
- Bati la chuma la geji 22 au 20 (unene wa kama milimita 0.8 hadi 0.9). Mlango au boneti ya gari lililokufa gereji ni bora zaidi, kwa sababu unene ni ule ule na mara nyingine mkunjo unaoutaka umo tayari.
- Ribiti za chuma za milimita 4, urefu wa milimita 8.
- Gundi ya bodi ya gari ya mchanganyiko wa vitu viwili, au epoksi ya chuma.
- Silanti ya poliyurethani ya magari, ya kuzibia mianya.
- Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki.
- Praima (rangi ya kwanza) ya epoksi, puti na hadina yake (dawa ya kuigandisha), thina, msasa namba 80, 180 na 400, na rangi.
- Miwani, glovu na barakoa. Vumbi la puti na la rangi kuukuu si la kuvuta.

Maneno machache kuhusu vitu ambavyo watu huvileta badala ya hivi. Bati la kuezekea nyumba ni jembamba mno, na kwa zinki yake puti haishiki vizuri. Karatasi ya alumini iliyogusana na chuma penye chumvi inaanzisha kula upya, alumini ndiyo inayotangulia kuisha. Ribiti za alumini zina tatizo hilo hilo: ukiwa Dodoma zitakaa miaka, ukiwa Tanga au Malindi utakuta unga mweupe kwenye vichwa vyake. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, ina asidi inayokula chuma, na rangi haikai juu yake. Na tafadhali, maji ya betri si dawa ya kutu. Ni asidi ya salfa. Itakuunguza, na mabaki yake yataendelea kula bati chini ya rangi yako mpya.

Hatua

1. Osha chumvi. Usianze na grenda. Anza na maji baridi mengi na sabuni, hasa ndani ya madigadi, ndani ya milango na chini ya bodi ya nyuma. Gari lililobeba samaki wenye barafu lina maji ya chumvi kwenye kila mkunjo. Lililobeba mbolea ya chumvichumvi au ng'ombe halina tofauti kubwa. Tafuta matundu madogo ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa milango na uyazibue kwa waya. Yakiziba, mlango unageuka ndoo, na hiyo ndiyo sababu milango ya Hilux huozea chini. Liache gari juani siku nzima milango ikiwa wazi.

2. Fungua upande wa nyuma. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama kazi itakaa. Kutu unayoiona nje ilianza ndani. Ukitengeneza upande wa nje tu, ya ndani inaendelea kula taratibu hadi ikute puti yako. Basi toa pambo la mlango, taa za nyuma, plastiki ya ndani ya madigadi, zulia, chochote kinachokupa nafasi ya kuona au kuingiza mkono. Chomoa waya wa hasi wa betri. Angalia nyaya na mabomba yanayopita nyuma ya bati utakalokata. Karibu na tangi au mdomo wa kujazia mafuta, weka grenda chini ukatumie mkasi na msasa wa mkono.

Funika vioo kwa blanketi kuukuu. Cheche za grenda zinazama kwenye kioo na kuacha vidoti ambavyo havifutiki.

3. Kwangua hadi ukute bati zima, kisha kata. Piga brashi ya waya pande zote za tundu hadi chuma king'ae. Jiandae kisaikolojia: tundu la ukubwa wa shilingi huwa la kiganja. Usikaze grenda mahali pamoja, bati jembamba likipata joto linajipinda na halirudi. Kisha kata sehemu yote ambayo kidole gumba kinaweza kuikunja. Kona za tundu ziwe za mviringo. Kona kali ndiko nyufa huanzia.

Kama baada ya kukata umefika kwenye bawaba au kwenye mshono wa kebini, simama. Rudi kwenye kile kifungu cha pasipoguswa.

4. Ua kutu iliyobaki. Kwenye bati linalong'aa dawa haihitajiki. Inahitajika kwenye vishimo vyeusi ambavyo brashi haikuvifikia, na upande wa ndani. Paka kwa brashi, acha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha osha au futa kama chupa inavyosema. Kutu inageuka nyeusi au kijivu. Kausha kabisa, futa kwa thina (si petroli, inaacha mafuta), halafu paka praima ya epoksi ndani na nje siku hiyo hiyo. Huku Pwani bati lililoachwa uchi usiku mmoja linaamka na rangi ya chungwa. Ile praima nyekundu ya mageti inapitisha maji, kwa hiyo isiachwe peke yake kama kinga.

5. Tengeneza kiraka. Kata kwanza mfano kwa kartoni, uubandike kwenye gari, urekebishe, ndipo uhamishie kwenye bati. Kiraka kizidi tundu kwa milimita 25 kila upande.

Kipite nyuma au mbele? Ukiweza kufika nyuma, kipite nyuma. Kwa nje utabaki na bonde dogo la kujaza puti nyembamba, na ukingo hautaonekana. Lakini fikiria maji yanakoelekea. Kiraka kilichokaa nyuma kinatengeneza kingo ndogo upande wa ndani, kwenye ukingo wake wa juu, na maji yanayoteremka ndani ya mlango yatatulia hapo kama kwenye rafu. Hapo ndipo silanti itakapohitajika nyingi, ipakwe kwa mteremko ili maji yapite.

Usipoweza kufika nyuma, kiraka kikae mbele. Shusha kingo za tundu kwa milimita moja hivi, ukigonga kwa nyundo taratibu ukizunguka, ili kiraka kilale sawa na bodi.

Mkunjo wa madigadi utaupata kwa kulikunja bati juu ya bomba la maji la ukubwa unaokaribiana, kidogo kidogo. Kiraka kikae chenyewe bila kulazimishwa. Kinachoshikiliwa kwa nguvu na ribiti kitakuwa kinavuta kila siku, na puti itapasuka.

6. Toboa. Kishike kiraka kwa klampu. Toboa tundu la kwanza kwenye kona moja, weka skrubu ya muda, kisha kona ya kinyume, halafu zinazobaki. Ukianza upande mmoja ukaenda moja kwa moja, utafika mwisho na bati limejikunja tumbo. Nafasi kati ya ribiti iwe milimita 25 hadi 30, na zikae milimita 10 kutoka ukingoni. Ondoa vikwaruzo vya matundu. Gonga kila tundu kidogo kwa tindo butu ili vichwa vya ribiti vizame chini ya usawa wa bodi. Kisipozama, utakuja kukipunguza kwa msasa na ribiti italegea. Toa kiraka, paka praima kwenye kila tundu na kwenye kingo ulizokata.

7. Gundi, ndipo ribiti. Kwaruza praima kwa msasa namba 180 mahali pa kugusana, futa vumbi. Changanya gundi kidogo tu kwanza. Kwenye joto la mchana inashika mapema kuliko kopo linavyosema, hivyo asubuhi ni bora. Paka pande zote mbili, mstari usiokatika kuzunguka tundu lote. Bandika, ingiza ribiti kwa mpangilio ule ule wa kona kwa kona. Gundi itoke kidogo kando. Isipotoka, umepaka kidogo na maji yatapata njia. Futa ziada kabla haijakauka. Acha saa 24 na gari lisiendeshwe. Kazi ya gundi ni kuziba na kushika. Ribiti zinalinda gundi isibanduke kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Na faiba je? Inafaa kwenye kona zenye mikunjo migumu, mfano kona ya chini ya kebini, kwa tundu dogo. Tabaka mbili au tatu kwa rezini ya epoksi, zipigwe kutoka nyuma juu ya bati lililosafishwa na kukwaruzwa. Juu ya kutu, faiba ni bandeji juu ya kidonda kichafu.

8. Ziba nyuma. Paka silanti kwenye mzunguko wote wa kiraka upande wa ndani, na kwenye mikia ya ribiti, kwa sababu katikati ya kila ribiti maji yanaweza kupita. Usizibe matundu ya kutolea maji. Naona hili mara nyingi: mtu kafurahia silanti, kaziba kila kitu, na mlango umerudi kuwa ndoo.

9. Puti. Kazi yake ni kusawazisha, basi. Kwa gramu 100 za puti, hadina ni kama gramu 2. Changanya kwenye kioo au kipande cha plastiki ngumu, usitumie kartoni maana inanyonya. Koroga kwa kukandamiza, usipige kama mayai, hadi rangi iwe moja bila michirizi. Una dakika tatu, nne kwenye joto letu. Changanya kiasi cha kuishia.

Paka tabaka nyembamba. Kama unahitaji zaidi ya milimita 3, rudi ugonge bati, usijaze. Ikikauka, piga msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao, kisha 180. Msasa wa puti uwe mkavu. Puti inanyonya maji na yatabaki chini ya rangi.

Jicho litakudanganya kwenye puti ya kijivu. Weka kipande cha kanga laini chini ya kiganja, funga macho, telezesha mkono kutoka bati zima hadi upande wa pili wa kiraka. Mkono utakuonyesha bonde ambalo jicho halikuliona. Weka alama kwa penseli, ongeza puti, rudia.

10. Praima na rangi. Tabaka mbili au tatu za praima, msasa wa maji namba 400, kausha vizuri, kisha rangi. Rangi ya kopo la kupuliza ishikwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi, tabaka nyepesi nyingi. Subiri umande uondoke asubuhi, na epuka saa za upepo mkali wa bahari. Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati cha kiwandani, karibu na herufi C/TR. Ipeleke kwenye duka la kuchanganya rangi. Rangi itatofautiana kidogo na iliyopauka pembeni, na mimi kwa pikapu ya kazi siihangaikii.

Rangi za gari zinazochanganywa na hadina mwachie fundi rangi mwenye barakoa ya chujio. Mvuke wake unaharibu mapafu, na kitambaa puani hakisaidii.

11. Linda ndani. Baada ya wiki, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango, kona za kebini na ndani ya madigadi. Oili chafu ya injini inapendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini inadondoka ardhini na inalegeza mpira wa milango. Ukikosa nta, grisi safi iliyolainishwa kwa joto kidogo na kupakwa kwa brashi inafaa, mbali na mpira na breki.

Mambo yakienda kombo

*Malengelenge kwenye rangi baada ya wiki chache.* Maji yanatoka nyuma, au puti ilikaa juu ya kutu. Fungua upande wa ndani kwanza uangalie silanti. Kupaka tena juu ni kupoteza rangi.

*Puti haikauki, inanata.* Hadina ilikuwa kidogo au haikuchanganyika, au ulipaka juu ya praima ya asidi, ambayo haipatani na puti ya kawaida. Ikwangue yote. Kuongeza hadina juu yake hakusaidii.

*Puti inakauka kabla hujapaka.* Hadina nyingi au bati lina joto. Hamia kivulini na ufanye asubuhi. Hadina ikizidi sana, rangi yake inaweza hata kupenya na kuchafua rangi ya juu.

*Ufa unaofuata mstari wa ribiti.* Kiraka kinacheza: gundi haikuzunguka, au kililazimishwa. Kitoe ubandike upya.

*Ukingo wa kiraka unaonekana jua likiwa kali.* Ulipiga msasa kabla gundi na puti havijatulia. Liache gari juani siku kadhaa, piga msasa, puti nyembamba, rangi.

*Bati linabonyea na kurudi kwa mlio.* Limepanuka kwa joto la grenda. Bandika kipande cha bati chenye mkunjo upande wa nyuma kwa gundi ile ile ili kulikaza.

*Sakafu inalowa ingawa kiraka kiko sawa.* Angalia mpira wa kioo cha mbele na mfereji wa mvua juu ya mlango. Maji hutokea mbali na pale yanapoonekana: mtu amwage maji juu ya paa polepole kwa kopo, nawe ukae ndani na tochi, ukianzia kioo cha mbele kushuka.